Kijana ametengeneza mchezo wa kompyuta: nani atauweka dukani?

Ikiwa unaishi Mabatini, Igoma au Kirumba, bila shaka umekwisha kuviona vibanda vya gemu. Aghalabu ni chumba kimoja, televisheni mbili au tatu, mashine chini yake, na watoto waliojipanga kwenye benchi wakingoja zamu ya kucheza mpira wa kwenye kioo. Wazazi wengi huvitazama kwa wasiwasi, na si ajabu, maana vinakula fedha za daftari. Lakini katika kila kundi la watoto wanaocheza hutokea mmoja asiyechoka kuuliza mchezo ule umetengenezwaje. Huyo akikua, akapata kompyuta na akajifunza, yawezekana siku moja atakuja kwako na kusema: "Baba, nimemaliza mchezo wangu. Ninahitaji dola 100 ili uingie dukani."

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya siku hiyo.

Dola 100 ni takriban robo milioni ya shilingi. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilipopandishwa Julai 2025 kilifika shilingi 500,000. Kwa hiyo kijana anaomba nusu ya mshahara wa mtu wa mwezi mzima, na mzazi ana haki ya kuuliza: duka gani hilo, na nani huko atakayeamua kwamba mchezo wa mtoto wa Mwanza unafaa kuuzwa?

Duka lenyewe halina mlango wa mbao wala mwenye duka aliyeketi nyuma ya meza. Linaloongoza kwa michezo ya kompyuta huitwa Steam, mali ya kampuni ya Valve ya mji wa Bellevue, jimbo la Washington, Marekani, na lilifunguliwa Septemba 2003. Mnunuzi hulipa akiwa kwake, na mchezo humfikia kwa njia ya intaneti. Kwa kawaida duka hukata asilimia 30 ya mauzo, linalobaki humwendea mtengenezaji. Kwa wenye simu yako maduka mengine, ambayo nitayafikia baadaye.

Zamani waliochagua michezo ya kuuzwa katika Steam walikuwa watu. Wafanyakazi wachache wa Valve walipokea maombi, wakayatazama, wakasema ndiyo au hapana. Mtengenezaji wa kujitegemea, yaani yule asiye na kampuni kubwa ya kumwekea fedha na kumtangaza, alituma kazi yake na kungoja. Wengi walijibiwa hapana bila kuelezwa sababu. Aliyepita mlango ule, hata hivyo, alikuwa na bahati kubwa, kwa kuwa dukani mlikuwa na michezo michache na kila mmoja ulionekana.

KURA

Tarehe 30 Agosti 2012 Valve ilibadili utaratibu na kuwaachia wateja wenyewe wapige kura. Mpango huo uliitwa Greenlight. Mtengenezaji aliweka picha na maelezo ya mchezo wake, na wateja wakaulizwa kama wangeununua endapo ungeuzwa. Siku chache tu baada ya kuanza, wenye mizaha walikuwa wameujaza mpango huo kwa michezo isiyokuwapo, ndipo likawekwa sharti la kulipa dola 100. Fedha hizo Valve haikuzichukua, bali zilipelekwa kwa shirika la hisani liitwalo Child's Play.

Kwa mtu anayeitazama kutoka mbali, kura ni njia ya haki. Lakini kura humpenda mwenye jamaa wengi. Wapo waliogawa michezo ya bure ili wapigiwe kura, na wapo wenye kazi nzuri waliosahaulika kwa kuwa hawakujulikana na mtu. Hata hivyo, Waafrika hawakushindwa kabisa katika zama hizo. Kampuni ya Kiro'o Games ya Yaounde, Kamerun, ilichangisha zaidi ya yuro 40,000 kutoka kwa watu wa mataifa mbalimbali mwaka 2015, na Aprili 2016 mchezo wake uitwao Aurion, uliojengwa juu ya ngano na mila za Kiafrika, ukaanza kuuzwa katika Steam. Angalia mpangilio wa mambo hayo, ndugu msomaji: watu walioutaka mchezo walipatikana kwanza, duka likafuata.

Mwanzoni mwa mwaka 2017 Valve ilitangaza kwamba itaifuta kura na kuweka ada kwa kila mchezo. Ukazuka ubishi juu ya kiasi cha ada hiyo. Wapo waliopendekeza dola 100, na wapo waliotaka ifike 5,000 ili takataka zisiingie. Hebu fikiri maana ya dola 5,000 kwa kijana wa Nyegezi au wa Musoma. Ingekuwa sawa na kumfungia mlango na kuutupa ufunguo ziwani. Kwa bahati njema kilichokubaliwa ni kiwango cha chini, na tangu tarehe 13 Juni 2017 yeyote alipaye dola 100 kwa kila mchezo, akajaza fomu za utambulisho, za benki na za kodi, anaweza kuleta kazi yake. Ada hiyo hurejeshwa mchezo ukiingiza mauzo ya dola 1,000.

Je, nani sasa huchagua? Mlangoni, karibu hakuna. Wapo wakaguzi wanaoufungua mchezo kwa siku chache kabla haujauzwa, lakini wanalolitazama ni kama mchezo unafunguka, kama unafanana na maelezo yake, na kama hauna madhara kwa kompyuta ya mnunuzi. Kazi yao ni kama ya afisa uvuvi mwenye rula. Sangara asiyefika sentimeta 50 hukataliwa, na akizidi hapo afisa haulizi kama ni mtamu. Juni 2018 Valve ilieleza waziwazi kwamba itaruhusu kila kitu, isipokuwa kilichovunja sheria au kilicholetwa kwa nia ya uchokozi mtupu. Msimamo huo una ubaya wake, maana mzazi asidhani kwamba kila kilicho dukani kimepimwa kwa ajili ya watoto. Hakikupimwa.

RAFU

Matokeo ya mlango kuachwa wazi ni kwamba mwaka 2024 peke yake iliingizwa katika Steam michezo zaidi ya 18,000. Hiyo ni karibu 50 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo.

Waulize wenye biashara wa Mwaloni Kirumba jambo hili litakuelea. Pale kila aliyelipa ushuru anaweza kushusha dagaa wake. Lakini mnunuzi aliyetoka Kongo au Dar es Salaam na lori lake hana muda wa kuonja kila fungu. Huenda alikozoea, alikoelekezwa, au alikoona watu wamejaa. Fungu lililowekwa pembeni laweza kuwa la dagaa safi kuliko wote na bado likalala. Vivyo hivyo katika duka la michezo, uchaguzi halisi umehama kutoka mlangoni na kwenda kwenye rafu. Na anayepanga rafu ni programu ya kompyuta, isiyojua Mwanza ni wapi wala kijana alikesha siku ngapi. Yenyewe hutazama dalili.

Dalili ya kwanza huanza kabla mchezo haujauzwa. Ukurasa wa mchezo hutangulizwa dukani, kwa sharti kwamba ukae hapo wiki mbili angalau, na mteja akiupenda huuweka katika orodha ya michezo anayoitamani. Siku mchezo unapotoka, duka huwapelekea barua wote waliouorodhesha. Michezo yenye orodha ndefu ndiyo inayopewa nafasi mbele katika sehemu ya michezo ijayo. Kwa hiyo kijana anayeufungua ukurasa wake leo na kuuza baada ya wiki mbili tu anafika gulioni wakati wanunuzi hawajui kama yupo. Wazoefu huutanguliza miezi mingi.

Baada ya hapo hutazamwa mauzo yenyewe. Mchezo unaouzika husogezwa mbele, usiouzika huzama. Hutazamwa pia maoni ya walionunua: mpaka yafike kumi, duka haliupi mchezo daraja lolote. Isitoshe, tangu Juni 2015 mnunuzi anaweza kurudisha mchezo na kupewa fedha zake ikiwa hazijapita siku 14 na hajaucheza saa mbili. Mchezo mfupi sana, au unaokwama dakika ya tano, hurudishwa kama sangara aliyenuka.

Wala programu hiyo haina hekima ya pekee. Mchezo wa Among Us ulitoka mwaka 2018 na kwa miaka miwili ukabaki na wachezaji wachache tu. Mwaka 2020 watu maarufu wanaojionyesha wakicheza katika intaneti waliugundua, nao ukaenea dunia nzima. Mchezo ulikuwa uleule. Duka lilikuwa nao rafuni muda wote na halikujua lina nini.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, mzazi asimwulize kijana, "Je, watakukubali?" Watamkubali, maadamu amelipa. Amwulize, "Nani anaungoja?" Akitaja watu, hata kama ni mia mbili, hapo pana jambo la kuzungumza. Akisema dunia nzima itaupenda ikishauona, robo milioni hiyo na ingoje kwanza.

Upande wa simu mambo ni nafuu, na nadhani kwa vijana wa kwetu ndiko kwa kuanzia. Google Play hutoza dola 25 mara moja tu. Apple hutoza 99 kila mwaka, jambo linaloufanya mlango wake uwe ghali kwa anayejaribu. Lakini Google nayo ina kichujio chake. Akaunti ya mtu binafsi iliyofunguliwa baada ya Novemba 2023 haiwezi kuuza kitu mpaka mchezo ujaribiwe na watu kadhaa kwa siku 14 mfululizo. Mwanzo walitakiwa watu 20, na Desemba 2024 wakapunguzwa kuwa 12. Baada ya majaribio mtengenezaji huulizwa watu hao walisema nini na yeye alirekebisha nini.

Vijana wengi hulilalamikia sharti hili. Mimi naliona kuwa ni la manufaa. Tuseme kijana ametengeneza mchezo wa mtumbwi wa dagaa unaokwepa mawe usiku katika Ghuba ya Mwanza. Kama katika mtaa mzima, shule na kazini kwa baba na mama hawapatikani watu 12 wa kuucheza kwa wiki mbili, basi ni heri alijue hilo mapema. Na ukurasa wake wa dukani anaweza kuuandika kwa Kiswahili.

Ng'ambo ya ziwa, kampuni ya Kola Studios ya Kampala ilichukua matatu, mchezo wa karata unaochezwa na Waganda barazani, ikaufanya kuwa wa simu. Haikuwa na haja ya kumfundisha mtu yeyote kanuni zake. Ninashangaa kwamba vijana wetu wengi bado wanaanza na mazimwi ya Kijapani.

Yuko pia Lual Mayen, mkimbizi wa Sudani Kusini aliyekulia katika kambi ya kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza miaka mitatu mpaka akamnunulia kompyuta ya dola 300, na kijana alikuwa akitembea saa tatu kwenda kuichaji. Akatengeneza mchezo wa amani uitwao Salaam. Hakuanzia dukani. Aliugawa kambini kutoka simu hadi simu, kisha akautangaza katika Facebook, na huko ndiko alikoonwa na waandaaji wa maonyesho ya michezo ya Afrika Kusini. Mwaka 2018 alitunukiwa katika sherehe za The Game Awards huko Marekani.

Kwa mashine za kuchezea sebuleni, kama zile za vibandani, milango bado inalindwa na watu. Kampuni kama Nintendo humtaka mtengenezaji aombe kibali kwanza. Kampuni ya Nyamakop ya Johannesburg ilikipata, na mchezo wake wa Semblance ukatoka katika Nintendo Switch Julai 2018. Lakini hiyo si hatua ya kwanza.

Tumalizie na fedha, maana ndizo zinazoleta ugomvi nyumbani. Tuchukue mchezo wa dola 5 katika Steam. Duka likikata asilimia 30 hubaki dola 3.50. Kama aliyenunua yuko Marekani, serikali ya huko hukata kodi ya asilimia 30 ya sehemu hiyo ya mtengenezaji, kwa kuwa Tanzania haina mkataba wa kodi na nchi hiyo. Hapo hubaki dola 2.45. Malipo hayatumwi mpaka yafike dola 100, na hupelekwa benki, kwa hiyo jina lililojazwa katika fomu sharti lifanane na lile la akaunti, herufi kwa herufi. Ili ada ya kwanza irudi, sharti ziuzwe nakala 200.

Lipo jambo jingine ambalo wengi huligundua wakati wamekwisha kuchelewa. Google haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kufungua akaunti ya kuuza. Ikiwa kijana wako bado hajatimiza umri huo, akaunti itakuwa kwa jina lako, na fomu zitakuwa zako. Na mtu binafsi akianza kupata fedha kwa mchezo wake, Google Play huonyesha hadharani anwani yake kamili kwa kila anayeutazama ukurasa huo. Fikirini pamoja nyumbani ni anwani ipi mtakayoiandika.