MATENGENEZO NAYO NI KAZI

Ndugu wafanyakazi, wajenzi twawasifu, lakini fundi wa matengenezo nani humtaja?

Tuchukue mfano wa Linux, mfumo wa kompyuta ulioanzishwa na Linus Torvalds nchini Finland mwaka 1991. Ndani ya kiini chake, kila aina ya kadi ya mtandao ina programu ya kuiendesha. Miaka ya 1990 Donald Becker, akiwa NASA, aliandika nyingi kati ya hizo.

Lakini kila kadi ilibeba nakala yake ya orodha ya shughuli: kufungua, kutuma, kufunga. Kuanzia toleo la 2.6.29 la mwaka 2009, kadi za aina moja zilianza kusoma orodha moja isiyobadilishwa. Kumbukumbu ikaokolewa, na mhalifu akapata shida kuichezea. Programu zikarekebishwa moja moja. Mwaka 2011 mafaili yakapangwa upya kufuata watengenezaji wa kadi.

Mtumiaji hakuona jambo jipya: mtandao ulifanya kazi kama jana. Hiyo ndiyo dalili ya kazi njema. Basi tunapokaa na mwajiri kujadili mishahara, tusikubali zihesabiwe saa za kujenga tu. Za kutengeneza nazo zihesabiwe.