Namba za Gari Langu na Neno "Isipokuwa"

Juzi kwenye arusi hapa Sacramento nilisema kwamba kazi wanazofanyishwa wafungwa wa California ni utumwa. Shemeji mmoja akanikata mbele za watu: "Dada, hata kwetu wafungwa wanalima. Huko hukuuona utumwa?" Watu wakacheka, sahani za pilau zikapita, nikabaki na jibu langu kooni. Nalitoa hapa.

Ya kwetu tunayajua. Hata Katiba ya Tanzania, ibara ya 25, inakataza kazi ya shuruti lakini haihesabu kazi itokanayo na hukumu ya mahakama. Hilo nakubali. Ila kwetu hakuna aliyeniuliza. Hapa niliulizwa.

California huchagui viongozi tu. Karatasi ya kura inaletwa kwa posta, na kitabu cha maelezo pia, unakaa navyo mezani unaamua sheria moja baada ya nyingine. Novemba 2024, kura yangu ya kwanza tangu nipate uraia, hoja za jimbo zilikuwa 10. Hoja ya 6 ilitaka kuondoa katika katiba ya jimbo ruhusa ya kumtumikisha mtu kwa lazima kama adhabu ya jinai. Neno "utumwa" halikuwamo kwenye swali. Jirani zetu wa Nevada waliulizwa jambo hilohilo siku ileile, neno utumwa likiwa limeandikwa wazi, wakaifuta ruhusa hiyo. California ikaibakiza. Jimbo linalojisifu kwa uhuru! Hilo ndilo linaloniuma.

Ruhusa hiyo ina ukoo. Marekebisho ya 13 ya Katiba ya Marekani, mwaka 1865, yalikomesha utumwa, isipokuwa kwa adhabu ya aliyetiwa hatiani. Majimbo ya Kusini yakapita katika "isipokuwa" hiyo. Weusi waliotoka utumwani juzi walikamatwa kwa uzururaji, kisha wakakodishwa mashambani na migodini. Alabama iliendelea kukodisha wafungwa hadi 1928. Gereza la Angola, Louisiana, limekaa juu ya ardhi iliyokuwa shamba la watumwa, na wafungwa bado wanalima humo.

Wanaolikataa neno "utumwa" husema mfungwa alitenda kosa na ana siku ya kutoka. Mtumwa hakuwa na kosa, na mwanawe alizaliwa mtumwa. Ni kweli. Lakini asiyeweza kukataa kazi bila kuadhibiwa, tumwiteje?

Mwanangu wa miaka saba ndiye aliyenifunga mdomo. Januari 2025, Los Angeles ikiungua, aliwaona kwenye televisheni zimamoto waliovaa rangi ya chungwa. Dada yake akamwambia ni wafungwa, wamejiunga kwa hiari. "Wanalipwa?" Nikamjibu: dola 5.80 hadi 10.24 kwa siku, na dola moja zaidi kwa saa wakati wa dharura. Akahesabu kwa vidole, akaanza upya, akaniangalia kama mtu aliyekosea hesabu.

Nikawaambia pia kwamba namba za gari letu zimetengenezwa na wafungwa wa Folsom, hapo jirani tu. Dada mtu akanyamaza. Mdogo akauliza: "Aliyetengeneza yetu anaitwa nani?"

Tangu siku hiyo, Jumamosi tukiosha gari, namba anaziosha yeye. Haruhusu mtu mwingine azishike.