Kamina: Dawa ya filamu isiyotiwa maji, akiba ya mpiga picha aliye mbali na maduka

KAMINA, Haut-Lomami – Picha ya simu ikiharibika, hupigwa nyingine. Filamu ikiingizwa katika dawa iliyokufa hutoka tupu, angavu kama kioo cha dirisha, na arusi iliyokuwa ndani yake haionekani tena.

Kwa mtu wa Kamina anayependa bado kamera ya filamu, hatari hiyo huletwa na umbali. Mji huu, makao makuu ya jimbo tangu Katanga igawanywe mwaka 2015, hupokea mizigo kwa reli na barabara, na dawa za kusafishia filamu hutengenezwa nje ya nchi. Zikifika, kazi ni nyingine: dawa ya unga ikishakorogwa kwenye maji huanza kuzeeka. Anayesafisha filamu moja kwa mwezi hujikuta akimwaga nyingi kuliko anayotumia.

Ugumu huu si wa leo. Mwaka 1939, huko Bena Mulumba katika Kasai, Antoine Freitas alijipiga picha akiwa na kamera yake ya sanduku, katikati ya watu. Kamera za namna hiyo zilikuwa pia chumba cha giza: mpiga picha aliingiza mkono ndani na kusafisha picha humohumo. Alitembea na dawa zake, na alipaswa kujua ni lini zimechoka.

Kinachoiua dawa ni oksijeni. Dawa hiyo kazi yake ni kugeuza chembe za fedha zilizopigwa na mwanga kuwa fedha nyeusi. Lakini kile kinachoiwezesha kufanya hivyo ndicho kinachoifanya iungane upesi na oksijeni, iliyomo hewani na ndani ya maji pia. Ikichanganywa na vitamini C na kitu chenye ukali wa magadi, kama inavyofanyika katika michanganyiko mingi ya nyumbani, dawa ya maji inaweza kufa kwa siku chache, bila hata kubadilika rangi.

Mmarekani Patrick Gainer aliyaondoa maji. Mchanganyiko wake unaojulikana sana una robo gramu ya fenidoni na gramu 9 za vitamini C halisi, vikiyeyushwa katika mililita 100 za trietanolamini, kimiminika kizito kama asali kinachotumika kutengeneza krimu za ngozi. Kimiminika hicho ni kiyeyushi, na tena kina ukali ule unaohitajika. Chupa ikifungwa vizuri hudumu mwaka na zaidi. Siku ya kazi, sehemu moja hutiwa katika sehemu 50 za maji, hutumika mara moja, kisha humwagwa.

Kwa hesabu, filamu ya kawaida inayohitaji mililita 300 za dawa hula mililita 6 tu. Chupa ndogo ya mililita 100 inatosha filamu 16. Fenidoni ndiyo lazima iagizwe mbali, ila gramu 10 zake zinatoa lita 4 za dawa nzito, ambazo hakuna studio ya mtaani itakayozimaliza haraka.

Robo gramu haipimiki kwa mizani ya sokoni. Wanaofanya kazi hii huyeyusha gramu moja katika propileni glikoli hadi ifike mililita 100, kisha huchukua mililita 25. Kupasha moto hufanywa kwa kusimamisha chupa ya kioo kinachovumilia joto ndani ya sufuria ya maji ya moto, nje penye hewa, wala si kuiweka moja kwa moja juu ya mbabula. Vidonge vya vitamini C vya kuyeyuka kwenye glasi havifai, kwa kuwa vina sukari, rangi na vitu vingine.

Propileni glikoli nayo inaweza kuwa kiyeyushi chote, ila haina ukali. Hapo soda ya kufulia huongezwa kwenye maji wakati wa kusafisha.

Jina hilo la glikoli lataka uangalifu. Propileni glikoli hutumika katika dawa za binadamu. Etileni glikoli, ile ya kwenye rejeta za magari, na dietileni glikoli ni sumu, na kwa macho zote zinafanana. Mwaka 2022 OMS ilitoa onyo juu ya dawa nne za maji zilizokutwa na sumu hizo mbili nchini Gambia, ambako watoto zaidi ya 60 walikuwa wamekufa. Kwa hiyo chupa ya dawa ya filamu, hata yenye glikoli nzuri, haikai jikoni, haiwekwi katika chupa ya soda, na huandikwa jina na tarehe.

Kabla ya kuiamini baada ya miezi mingi kabatini, kuna jaribio la dakika chache. Kipande cha mwanzo wa filamu, kile kinachokatwa na kutupwa, hudumbukizwa mchana kweupe katika dawa iliyokorogwa. Kikiwa cheusi, kazi inaendelea. Kisipobadilika, filamu yenye arusi inabaki ndani ya kopo lake mpaka ipatikane dawa nyingine.