Marani, tulikalie Giza la Juma Kuu

Ijumaa Kuu ya Marani hupita mchana. Wakatoliki hufuata Njia ya Msalaba vilimani, kati ya migomba na majani chai, wakipokezana msalaba begani. Saa tisa husomwa Mateso ya Bwana, kisha kila mtu hukimbilia nyumbani kabla ya mvua ya masika. Jumamosi usiku moto mpya unawashwa, na vigelegele. Giza lililo kati ya msalaba na moto huo tumeliruka.

Kanisa la Magharibi lilikuwa na ibada ya kulikalia giza hilo: Tenebrae. Kinara cha pembetatu chenye mishumaa 15 kiliwekwa karibu na altare, na kila zaburi ilipokwisha mshumaa mmoja ulizimwa, mpaka 14. Katikati yaliimbwa Maombolezo ya Yeremia, kilio cha mji ulioachwa kama mjane. Mshumaa wa 15 haukuzimwa, ulifichwa nyuma ya altare. Hapo waumini waligonga vitabu na viti kwa kishindo, wakikumbuka tetemeko ambalo Mathayo anasimulia kwamba lilipasua miamba Yesu alipokata roho. Mwali ule ukarudishwa, watu wakaondoka bila neno.

Wamishonari wa Mill Hill walifika Nyabururu, huku kwetu Kisii, mwaka 1911, lakini zaburi hizo ziliimbwa kwa Kilatini, si kwa lugha yetu. Mageuzi ya Papa Pius wa XII, yaliyoanza kutumika 1956, yaliirudisha Misa ya Alhamisi Kuu jioni, na Tenebrae ikakosa saa yake. Jimbo la Kisii lilipoundwa 1960 chini ya Maurice Otunga, ibada hiyo ilikuwa tayari imesukumwa pembeni.

Naamini Abagusii wangeielewa upesi. Kwenye matanga hatumwambii mfiwa anyamaze kwa kuwa kuna ufufuo. Tunakesha naye, tunaimba, tunanyamaza, tunamwacha alie. Mama aliyezika mtoto mwezi uliopita anahitaji kanisa linaloweza kukaa naye hivyo, lisilomharakisha kwenye haleluya. Na Kristo, je, tumwombolezee mchana tu, tukiitazama saa?

Gharama ni ndogo: mishumaa, Biblia, na kwaya inayojua zaburi. Waanglikana na Walutheri sehemu nyingi duniani hutumia mishumaa michache zaidi na masomo ya Mateso, nayo inatosha.

Mapadre, makatekista na wazee wa vigango vya Marani, tusiingoje Ijumaa: Jumatano ya Juma Kuu ijayo zimeni stima saa moja jioni, mtuite.