Usharika wa Kilima cha Katuru

Shirati iko wilayani Rorya, mkoani Mara, kando ya Ziwa Victoria na karibu na mpaka wa Kenya. Kilima cha Katuru kilichopo hapo ndipo wamisionari Wamennonite kutoka Pennsylvania, Marekani, walipofungua kituo chao cha kwanza Tanganyika mwaka 1934. Elam Stauffer na mkewe Elizabeth walikuwa miongoni mwao. Mwaka uliofuata waumini wa kwanza wakabatizwa, na kutokana na kikundi hicho kidogo likazaliwa Kanisa la Mennonite Tanzania, KMT.

Imani waliyoileta wamisionari hao ilikuwa imepitia mateso. Mwaka 1525, mjini Zurich, Uswisi, vijana wachache walibatizana upya wakisisitiza kwamba ubatizo ni wa mtu aliyeamini na kuamua mwenyewe. Serikali iliwasaka, na mmoja wao, Felix Manz, alizamishwa katika mto Limmat Januari 1527. Menno Simons, padri wa Friesland, aliacha upadri mwaka 1536 akawalea waumini waliotawanyika. Wamennonite wamebeba jina lake, pamoja na msimamo wa kutoshika silaha dhidi ya binadamu mwenzao.

Huko Shirati mafundisho hayo yalikutana na mambo ya ujirani: Mjaluo na Msuba, na kusini zaidi Mjita na Mzanaki, wangekaaje benchi moja? Na mzungu je, ni mwalimu tu, au ni ndugu?

Jibu zito lilikuja Agosti 1942. Uamsho uliokuwa umeanza Rwanda katika miaka ya 1930 ulifika Shirati. Watu walisimama kanisani wakatubu hadharani, wakarudisha vya watu na kuombana msamaha. Wamisionari nao walikiri kwamba walikuwa wamejiona bora kuliko Waafrika ambao wao walikuja kuwahudumia. Chini ya utawala wa kikoloni wa wakati ule, hilo halikuwa jambo dogo.

Undugu huo unaonekana wazi katika ibada ya kutawadhana miguu, inayoambatana na Meza ya Bwana. Beseni la maji huwekwa mbele, taulo kando yake. Wanaume hukaa kwao na wanawake kwao. Mmoja huinama, akamwosha mwenzake na kumkausha, kisha naye huketi aoshwe. Mzee wa kanisa na kijana aliyebatizwa juzi wanaweza kujikuta kwenye beseni moja, na aliyekosana na mwenzake anatarajiwa kupatana naye kabla ya kufika hapo.

Uongozi nao ulihama taratibu. Mwaka 1950 wachungaji wa kwanza Waafrika waliwekewa mikono, akiwemo Zedekia Kisare, kijana wa Kijaluo aliyeungana na misheni tangu mwanzo. Kanisa lilipata kujitawala mwaka 1960, na mwaka 1967 Kisare akawa askofu wake wa kwanza Mwafrika. Njia haikuwa tambarare. Mivutano ya makabila aliyoikuta ilimsumbua kwa miaka, na baadaye kanisa likagawanywa kuwa dayosisi za Mara Kaskazini na Mara Kusini. Uamsho ulikuwa umewafundisha kupatana, lakini kila kizazi kililazimika kujifunza upya.

Huduma nyingine iliyotoka kilimani hapo ni tiba. Zahanati ya misheni ilikua ikawa Hospitali ya Shirati, ikaongezewa kituo cha wagonjwa wa ukoma na chuo cha wauguzi. Kwa mkulima au mvuvi wa Rorya, hata asiye Mmennonite, jina la kanisa hilo hukumbusha kwanza wodi alimolazwa mama yake.

Mpaka wa Kenya nao haukuwazuia waumini. Wajaluo wana jamaa pande zote mbili, na katika miaka ya 1940 waumini kutoka Tanganyika walivuka kwenda kuhubiri Nyanza Kusini. Sharika walizozianzisha huko ndizo zilizokuja kuwa Kanisa la Mennonite la Kenya.