Miti Mizee ya Uani

Huku Singida mvua huanza Novemba au Desemba, na mara nyingi hutanguliwa na upepo mkali. Basi yatupasa kuikagua miti ya uani mapema. Mwarobaini uliovunjika tawi moja usiangushwe, waweza kupona. Bali mti ulioliwa na mchwa shinani, au unaoinamia nyumba na udongo umepasuka mizizini, uangushwe kabla haujaua mtu.

Tawi zito twalikata hivi: kwanza msumeno uanzie chini, mbali kidogo na shina, kisha juu, ili gome lisichanike. Kipande kilichobaki kikatwe mwisho, bila kuugusa uvimbe ulio penye shina, maana gome jipya hutoka hapo. Kupaka lami hakusaidii. Kivuli cha miaka mingi hakirudi upesi.