Kulwa, Doto na Anayewafuata

Mtoto wa kawaida husubiri jina. Bibi anapendekeza lake, shangazi analikataa, baba anataka la marehemu mzee wake, na mjadala unaweza kuchukua siku kadhaa. Kwa mapacha, katika sehemu kubwa ya Afrika, mjadala huo haupo. Usukumani na Unyamwezini aliyetangulia kutoka ni Kulwa na aliyemfuata ni Doto, wawe wa kike au wa kiume. Pwani wengi husema Kurwa, na majina hayo yalishazoeleka huko kiasi kwamba mwaka 1960 Muhammed Saleh Farsy aliita kwayo riwaya yake fupi kuhusu maisha ya kijiji kimoja cha Unguja.

Jina la namna hii halichaguliwi na mtu, na Wayoruba wa Nigeria wamelieleza jambo hilo kuliko wengi. Wanatofautisha majina ambayo wazazi humpa mtoto na yale anayokuja nayo mwenyewe kutoka mbinguni. Aliyetanguliza miguu ni Ige. Aliyezaliwa na nywele za kusokotana ni Dada, hata akiwa mvulana. Mapacha ni Taiwo na Kehinde, na hapo ndipo penye fikra nzito. Taiwo hutoka kwanza, lakini mkubwa ni Kehinde. Yeye ndiye aliyemtuma mwenzake atangulie akaionje dunia, na aliposikia kilio chake akajua panafaa, akafuata. Sisi hupima ukubwa kwa dakika za kuzaliwa. Wayoruba wanaupima kwa nani anamtuma nani. Nyumba yoyote ya Uswahilini ingeielewa hoja hiyo, kwa sababu anayetumwa dukani siku zote ni mdogo.

Wayoruba wamekuwa na sababu ya kulifikiria sana suala la mapacha. Tafiti zilizofanywa kuanzia miaka ya 1960 katika eneo la Igbo-Ora, kusini magharibi mwa Nigeria, zilikuta zaidi ya uzazi wa mapacha 40 katika kila uzazi 1,000, ilhali wastani wa dunia ni kama 12. Mapacha huzaliwa wadogo, mara nyingi kabla ya siku zao, na zamani wengi hawakuishi. Pacha mmoja alipofariki, wazazi wa Kiyoruba walichongesha kinyago kidogo cha mti kiitwacho ere ibeji, na mama akakiogesha, akakipaka mafuta na kukivika shanga pamoja na mtoto aliyebaki. Jina nalo lilifanya kazi hiyohiyo. Kehinde aliyebaki peke yake haachi kuwa Kehinde, wala Doto aliyefiwa na mwenzake hawi mtoto wa pekee. Kila anapoitwa, aliyetangulia anahesabiwa.

Wajaluo wa Kenya na Tanzania wameweka katika majina hayo mwendo wa uzazi wenyewe. Opiyo, au Apiyo akiwa msichana, ni aliyefanya haraka. Odongo au Adongo ni aliyebaki nyuma. Waacholi na Walango wa Uganda humwita wa pili Ocen, yaani wa nyuma. Burundi ni Bukuru na Butoyi, Rwanda ni Gakuru na Gato, mkubwa na mdogo. Buganda mvulana wa kwanza ni Wasswa na wa pili Kato. Wasichana ni Babirye na Nakato.

Watu wengi huishia hapo, wakadhani majina haya ni ya watoto wawili. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa katika kuyaeleza, kwani uzazi wa mapacha huibadilisha majina familia nzima. Mtoto anayefuata mapacha Usukumani ni Shija. Buganda ni Kizza, kwa Wajaluo na Walango ni Okello, kwa Wayoruba ni Idowu, kwa Wakongo ni Nlandu. Buganda wamekwenda mbali zaidi: hata mtoto aliyewatangulia mapacha, ambaye ana jina lake tayari, hupata la ziada, Kigongo. Baba anakuwa Ssalongo, mama Nnalongo, na heshima hiyo hawavuliwi mpaka kufa. Mtu anayejua utaratibu huu akisikia jina moja tu la nyumba hiyo anaweza kuwapanga waliobaki. Wazanzibari walipolisikia redioni Januari 1964 jina la John Okello, kiongozi wa mapinduzi aliyetoka Uganda, kwao lilikuwa jina geni la mtu mgeni. Mtu wa kabila la Walango angesikia nafasi katika mstari wa ndugu.

Dini zilipoingia hazikukuta nafasi tupu, zikaleta majina ya kukaa humohumo. Familia nyingi za Kiislamu huwaita mapacha wa kiume Hassan na Hussein, ingawa wajukuu hao wa Mtume hawakuwa mapacha. Walipishana kama mwaka mmoja. Upande wa Wakristo mambo yamekwenda kinyume. Tomaso ni neno la Kiaramu lenye maana ya pacha, na Injili ya Yohana inasema hivyo waziwazi, lakini leo anaitwa hivyo yeyote, hata aliyezaliwa peke yake.

Yaliyompata Tomaso ndiyo yanayowapata sasa Kato na Okello, na kinachoyaleta ni fomu za serikali na za shule. Kenya na Uganda zilipoanza kutaka jina la ukoo, akina baba wengi waliandika majina yao wenyewe, na watoto wakayarithi, kisha wajukuu. Ndiyo maana leo utamkuta Bi Okello ambaye ni kifungua mimba, hana pacha wala hakuwafuata mapacha. Kwa Kijaluo jina lake lilipaswa hata kuanza kwa A. Tanzania imesalimika kiasi kwa desturi yake ya majina matatu: lako, la baba, la babu. Neema Doto ni binti wa Doto, kila mtu anaelewa hivyo, na kwa kitukuu wa Doto jina limeshatoka kwenye mstari. Hatari ya huku ni nyingine. Wazazi wa mjini huandika kwenye cheti cha kuzaliwa Brian na Bryson, Kulwa na Doto yakabaki ya kuitwa nyumbani, na Shija akizaliwa anaandikwa Ethan. Bibi ndiye anayebaki kuwaita kwa zamu zao, na hakuna kinachozuia majina yote mawili kuandikwa kwenye cheti kimoja.